Wanaamini na Wanadai

Mwalimu wa dini alijivunia saa yake ya mkononi. Shule ilikuwa ya watu wote, na kanuni yake ilikuwa moja: mwalimu haegemei upande. Basi yeye akawa anapima. Dakika ishirini dini yake, dakika ishirini dini ya jirani, hata sekunde haizidi. Nani angemnyooshea kidole? Lakini ndiyo hivyo, nyani haoni kundule.

Asubuhi moja akaingia ofisini bibi wa mwanafunzi wake hodari kuliko wote, daftari la mjukuu kwapani. Bibi huyo alikuwa wa hiyo dini ya jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa."

Mwalimu akasoma: "Bibi yangu anadai kwamba Mungu husikia sala zake." Pembeni palikuwa na alama ya vema, kwa wino mwekundu, kwa mkono wake mwenyewe.

"Namdai nani?" bibi akauliza. "Mimi Mungu simdai kitu, namwomba tu. Siku hizi nikimwita huyu mtoto tusali, ananijibu, bibi, hayo ni madai yako. Hasali nami tena."

Mwalimu akafungua maandalio yake ya somo ili ajitetee. Heri asingeyafungua. Ukurasa wa dini yake: wanaamini, wanaamini, wanaamini. Ukurasa wa dini ya jirani: wanadai, toka juu hadi chini. Miaka sita amepima dakika, ulimi hakuupima. Aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, mama. Sikukusudia."

"Najua. Ungekusudia, ningekuja na maneno mengine." Bibi akachukua daftari la mjukuu. "Ila mimi si mwanafunzi wako, baba. Kawaambie waliokusikia."

Wakaongozana hadi darasani, bibi akabaki mlangoni. Mwalimu akasimama mbele ya watoto arobaini. Hakujua pa kuanzia, akaona aanze kwa kuuliza. Alitumaini watakuwa watano, wakizidi sana sita.

"Walioandika 'wanadai' kwenye madaftari yao, nyoosheni mikono."

Mikono ikanyooka darasa zima, ya watoto wa dini yake na ya watoto wa dini ya jirani. Mjukuu wa bibi aliunyoosha wake juu kuliko wote, akitabasamu, akingoja kusifiwa.