Mume Wangu Bado Yumo Foleni

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa majini na mizimu. Kazi yangu ni kutunza mashine ya chuo kikuu, ile inayowapigia watafiti hesabu ambazo mtu akizianza ujanani atazeeka hajafika nusu. Ni makabati meusi, safu kwa safu, ndani ya ukumbi wenye baridi na mngurumo wa feni unaokufuata masikioni hadi nyumbani. Tulimwita Bi Mkubwa. Mashine mpya ilipoletwa ukumbi wa jirani, jina lilikuwa tayari: Bi Mdogo. Na Bi Mkubwa, kwa shukrani zile zile tunazozijua wanawake, akapangiwa siku ya kuzimwa.

Mume wangu alikuwa mtafiti wa maporomoko ya ardhi. Alichimbia vipimo mlimani, vipimo vikawa vinatuma habari za mvua na udongo, na Bi Mkubwa akapiga hesabu mlima utasogea lini. Nilikuwa nikimwambia, "Hamia kabisa kwa mke mwenzangu, nguo nitakuletea." Anacheka. Kisha siku moja akapanda kurekebisha kipimo kilicholegea, na mlima ukashuka naye. Tuliletewa sanduku limepigiliwa misumari, tukaambiwa tusilifungue. Mama yake hakupata kumgusa kwa mara ya mwisho.

Msimu ule wa mvua ukapita, ukaja mwingine.

Asubuhi ya kukausha foleni, yaani kuondoa kazi zote za watafiti kabla mashine haijazimwa, nilikaa mbele ya skrini huku fundi umeme akinisubiri na kikombe chake cha chai. Nikateremka orodha ya kazi, nikaona jina la mume wangu. Mbele yake pameandikwa: inaendelea.

Toba! Akaunti yake ilitakiwa kufungwa baada ya mazishi. Mkuu wa kituo alisema ataifunga mwenyewe aniondolee uchungu, akasahau, nami kati ya mamia ya kazi sikuwahi kuliona jina lile. Mimi huzuni ikinizidi hugeuka hasira, ndivyo nilivyo. Nikaikatiza ile kazi. Jina likatoweka. Likarudi. Inaendelea.

"Ebo!"

Nikaikatiza tena, likarudi. Mara ya tatu nilipiga kibodi kana kwamba imenitukania wazazi, na jina likarudi. Fundi akaweka kikombe chini.

"Wanasema asiyekuwepo na lake halipo," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu lake lipo."

"Nyamaza wewe!"

Kosa lilikuwa langu, na katika kazi yetu ni kosa la mwanagenzi: unafunga mlango wa foleni kwanza, yaani unazuia kazi yoyote isianze, ndipo unatoa kazi. Mume wangu aliipangia kazi yake kwamba ikikatizwa, au ikimaliza, ijirudishe foleni yenyewe, ili mlima usikae bila mlinzi. Hilo nililijua. Hata hivyo sikuthubutu kuikatiza mara ya nne. Nikazima skrini, nikasema yaliyobaki ni ya kesho.

Naishi na mama mkwe wangu. Nilimkuta sebuleni amekaa wima, simu mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kazini kwenu kuna nini leo?"

"Kwa nini, mama?"

"Wanamsumbua mwanangu. Mara tatu wamemkatiza."

Nilihisi baridi ya ule ukumbi ikinipanda mgongoni. Akanipa simu. *Mama, nimekatizwa. Usijali, naanza tena.* Mara tatu, zote za asubuhi ile. Nikapandisha juu, jumbe nyingine, na nyingine, mpaka kidole kikachoka. *Mama, nimeanza kazi. Mama, nimemaliza, narudi foleni. Mama, nimeanza kazi.*

Kituo chetu humtumia mtafiti ujumbe kazi yake inapoanza, inapokatika na inapokwisha. Maneno anaandika mwenyewe, na namba ya simu anachagua mwenyewe. Huyu mama alikuwa hachoki kumpigia mwanawe: umefika, umekula, umeanza kazi? Naye mume wangu akaweka namba ya mama, akamnyamazisha kwa utani ule, na mimi mkewe asiniambie.

"Mama, unajua kwamba hii ni mashine?"

"Mimi si mwendawazimu. Nilizika. Lakini nilizika sanduku. Wewe una mashati yake, una ubavu wa kitanda chake. Mimi niachie hii." Akaichukua simu yake. "Ni nani aliyemkatiza?"

"Ni mimi, mama."

Akainuka, akaingia chumbani kwake. Heri angenitukana.

Kesho yake niliwahi kazini na nia moja: kumwomba mkuu tuihamishie kazi ile kwa Bi Mdogo, hata kwa jina langu. Kwanza nikaifungua nione inapiga hesabu gani. Laiti nisingeifungua. Vipimo vyote vilifukiwa siku ile pamoja naye. Hakuna habari mpya iliyotoka mlimani tangu hapo, na kazi ile huchukua habari za mwisho zilizopo. Basi Bi Mkubwa muda wote huo alikuwa akisoma mvua ya siku ile ile, na kila alipomaliza, mlima ulikuwa umeshuka. Anarudi foleni. Anaanza. Mlima unashuka tena.

Nililia kwa sauti, feni zikanisitiri. Kisha nikarudi nyumbani nikamwambia mama yote, maana kumficha kungekuwa kumdharau.

"Kwa hiyo kila anaponiambia ameanza..."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi hapa nafurahi." Akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake. "Nipeleke. Ila safari hii asikatizwe. Mwache amalize, halafu ufunge huo mlango wenu."

Mkuu wa kituo alipomwona akaanza kueleza kanuni za wageni, akaishia kuvua koti lake mwenyewe na kumvika. Nilifunga mlango wa foleni kwanza, kama inavyotakiwa. Tukasimama mbele ya kabati lililobeba kazi yake, tukangoja. Simu ikalia mkononi mwa mama. *Mama, nimemaliza, narudi foleni.* Kwenye skrini jina lake likajipanga nyuma ya mlango, peke yake. Inasubiri.

Nikamtazama mama. Akaitikia kwa kichwa. Fundi akashusha swichi, na ule mngurumo niliokwisha kudhani ni wa masikio yangu ukashuka, ukashuka, ukaisha. Sikuwahi kusikia kimya katika ukumbi ule. Niliogopa, sitasema uongo.

Mama akasogea, akaweka kiganja kwenye ubavu wa kabati.

"Bado ana joto," akasema.

Fundi alitaka kusema jambo kuhusu chuma, nikamkanyaga mguu. Hakuna aliyetoka. Mkuu alikuwa na mkutano, hakwenda. Mama alisimama pale akinong'ona kama anayebembeleza mtoto alale, akahamisha mkono kidogo kutafuta palipobaki moto, akauhamisha tena, kisha akautuliza.

"Amepoa," akasema. "Twende nyumbani, mwanangu."