Maji ya Kuoshea Nyanya

Sisi watu wa Bukavu tuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako, na chombo ulichokikuta wazi hukinywei. Sumu imetuharibia ujirani, imetuharibia hata ndoa. Constance aliijua sheria hiyo kuliko mimi.

Alikuwa marene, mama wa ubatizo wa mdogo wangu Nsimire. Aliposema patroni wake, mwenye shamba alilolisimamia, anatafuta wanawake wa kuvuna nyanya huko Kamanyola, sikuuliza mara mbili. Mimi na Nsimire tulishuka mlima wa Ngomo alfajiri tumevaa trikoti za sufu, sisi washamba wa kutoka baridini, na kufikia saa tatu tulikuwa tumevua kila kinachovulika bila aibu. Jua la uwandani si jua letu.

Haki yake nitampa: siku ya kwanza alitufundisha vizuri. "Musingojee kiu," alisema. "Kila kazi kidogo, kopo moja. Kichwa ikizunguka, enda mu kivuli, usisikie haya. Na mwenye kuzimia, musimutie kitu mu kinywa mpaka ajue jina yake." Maji yetu yalikuwa ndani ya bidoni, madumu matatu ya njano, na kabla ya kutugawia alijimiminia kopo akanywa mbele yetu. Nilimpenda siku ile, bure kabisa.

Siku ya tatu, saa tano, patroni akapiga simu: lori la kubeba nyanya lingepita saa nane, si jioni. Nilimsikia Constance akiitikia, "Ndiyo papa, ndiyo papa." Muda kidogo akaja mbio shambani, mkono kifuani.

"Bamaman, musinywe mayi! Nimekuta bidoni zote ziko wazi. Sijue ni nani amezifungua."

"Zote?" nikauliza.

"Zote, Euphrasie. Unataka tuzike mutu hapa?"

Nani angebisha? Wanawake kumi na wawili tulikaukiwa midomo huku tukimshukuru kwa kutuokoa. Watu wa kwingine wangenusa, wangekunywa, wangeendelea na kazi. Sisi hapana. Mfereji ulikuwa karibu, lakini ndimo wanamosuuzia pampu za dawa ya wadudu. Constance alisema ametuma mtu alete maji mengine, nasi tukaendelea kuchuma.

Saa saba Nsimire aliacha kutoka jasho. Akaanza kuniita maman, na maman wetu tulimzika miaka minne iliyopita. Kisha akaanguka katikati ya mstari. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria. Wenzangu walimbeba hadi chini ya paa la nyasi, nami nikakimbilia nyuma ya ghala kutafuta maji yoyote ya kummwagia, hata hayo yenye sumu.

Constance alikuwa amechutama mbele ya beseni, anaosha nyanya moja moja na kuzipanga kwenye vikapu. Bidoni mbili tupu zilikuwa zimelala pembeni. Kabla hajaniona alichota kopo kutoka ile ya tatu, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Marene," nikamwita.

Alishtuka, kisha akainama tena kwenye beseni. "Lori iko karibu. Nyanya ya vumbi haiuzike mu soko ya Kadutu. Ningewaambia nini? Mungekunywa yote."

Nilinyakua bidoni. Sikumpiga, na mpaka leo najuta. Tulilowesha vitenge tukamwekea Nsimire shingoni na makwapani, tukampepea, na kinywani hatukumtia kitu mpaka alipojua jina lake, kama Constance mwenyewe alivyotufundisha. Kila alichotufundisha kilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nsimire alilala hospitali siku nne. Jumapili iliyofuata Constance alipanda kwetu Kadutu, nguo ya misa bado mwilini, na juisi ya marakuja, matunda ya pasheni, aliyoikamua mwenyewe. Akamimina kikombe, akaonja mbele yetu kama desturi inavyotaka, akamnyooshea Nsimire.

Nsimire alikitazama kile kikombe. Tangu abatizwe hajawahi kumkatalia marene wake kitu.

"Onja tena, marene," alisema.

Constance alionja.

"Tena."

Akanywa huku machozi yakimshuka, mpaka kikombe kikabaki kitupu. Nsimire alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akakipindua mdomo chini juu ya meza.