Bibi Kankindi Hahamishwi

Irine alikuwa amekwama kwenye neno moja, na lililomuudhi zaidi ni kwamba neno lenyewe lilikuwa jepesi, la kujulikana na kila mtoto aliyewahi kukalia dawati: «move». Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya Biharamulo, na kwa likizo hiyo alikuwa amepewa kazi ya kuandaa kurasa chache za kamusi ndogo ya shule. Kiingereza kingekaa upande huu, Kiswahili katikati, na Kihangaza cha kwao Ngara upande ule. Mhariri aliyeko Mwanza alishamwambia kwenye simu asijitie taabu. Aandike sogea, aandike hama, kisha aendelee na neno linalofuata.

Irine hakuendelea. Ukoo wao una vichwa vigumu, na yeye alipata fungu lake bila kupunjwa. Limi, mwalimu mwenzake, ambaye wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, alikuwa amemweleza kwamba kwa Kisukuma kusama ni kuondoka na mifugo, watoto na vyungu, na mtu aliyebadilisha chumba cha kupanga akijisifu kwamba amesama atachekwa. Irine akajiambia kwamba kama Wasukuma wanalo la kwao, na Wahangaza hawawezi kukosa. Wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, Bibi Kankindi wa Ntobeye, mama wa marehemu baba yake.

Ila tusimpambe Irine kupita kiasi. Hakwenda Ntobeye kwa ajili ya neno peke yake. Baba yake mdogo, Audax, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Biharamulo mjini, alikuwa amemtuma. Masika yaliyopita Bibi Kankindi aliteleza shambani, akalala kwenye matope chini ya migomba tangu asubuhi, mvua inamnyeshea, mpaka jirani yake Gaudence alipomwona jioni. Tangu siku ile Audax hakuwa na raha. Alijenga chumba nyuma ya nyumba yake, akakitia vigae, akaweka kitanda kipya na swichi ya taa karibu na mto.

"Wewe anakusikiliza," alimwambia Irine. "Mlainishe kidogokidogo. Mimi nitakuja na pikapu Jumapili, nimkute ameshakubali."

Irine alikubali haraka, kama mtu anavyokubali kubeba gunia ambalo hajalinyanyua. Baba mdogo ndiye aliyemsomesha, na alichosema kilikuwa na maana. Mwanamke wa umri ule haishi peke yake kando ya mteremko.

Alifika Ntobeye katikati ya wiki. Bibi alikuwa mlangoni, amekalia kigoda, anapeta maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekonda. Huko Biharamulo wanakula chaki?"

Ikapita siku ya kwanza, ikapita ya pili, na Irine hakufungua mdomo kuhusu pikapu. Alianza mara nyingi. Alisifu vigae, akasifu hospitali iliyo karibu na kwa baba mdogo, na kila mara Bibi alimtazama usoni kisha akamwomba alete kuni. Kikongwe hakuwa mjinga. Kulainishwa alikujua tangu Irine hajazaliwa.

Jumamosi asubuhi waliteremka wote wawili bondeni kung'oa maharage. Jua lilikuwa bado pole, udongo una unyevu, na mashina yalitoka bila ubishi. Irine aliona afadhali aulize lile la kamusi, kwa kuwa lile jingine lilimshinda.

"Bibi, kwa Kihangaza, mtu akitoka hapa akaenda kukaa kwingine, mnasemaje?"

"Inategemea ametokaje."

"Vipi?"

Bibi Kankindi alinyoosha mgongo. "Mimi nilipokuwa mtoto tulivuka mto Ruvubu usiku, mama amenifunga mgongoni, na nyuma yetu nyumba zinaungua. Kule ni guhunga. Hukuaga mtu, hukubeba kitu. Jioni nikitoka huku bondeni kupanda nyumbani, ni gutaha. Hata kama nimechoka, moyo unatangulia. Na nilipotoka Kirushya na babu yako kuja hapa Ntobeye, ile ndiyo kwimuka. Hiyo ina taratibu zake."

"Taratibu gani?"

"Umeuona mgomba ulio karibu na mlango wangu? Mgomba mama ulikuwa mlangoni kwetu Kirushya. Mwanamke akiolewa anapanda mgomba mlangoni. Siku ya kwimuka, majirani ndio wanaokuja kumng'olea chipukizi lake. Wanaling'oa wao, wanakutwisha wao, maana yake wamekuruhusu. Hakuna wa kusema kesho kwamba ulitoroka au ulifukuzwa. Mimi nililibeba kichwani kutoka Kirushya, na huku nilipolipanda, majirani wa huku ndio walionichimbia shimo. Pancras alikuwa kijana tu, alichimba akiwa anaimba vibaya."

Irine alicheka. Kisha akauliza, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka, "Na kama mtu anapelekwa na watu wengine? Anahamishwa?"

Bibi aliinama tena kwenye maharage yake. "Anayehamishwa ni mbuzi. Unang'oa kigingi, unamkokota mpaka penye majani. Majani ni mazuri, sikatai. Ila humuulizi."

 Irine alijua ameshajulikana. Wakati ule ndipo angepaswa kusema kwamba kesho inakuja pikapu, na badala yake akafunga mzigo wa maharage, akaukaza kamba kuliko ulivyohitaji. Lakini moyoni alikata shauri. Akifika juu atampigia baba mdogo simu na kumwambia asije.

Alichelewa. Audax alipata pikapu siku moja kabla, na kwa pupa ya kumaliza jambo hakusubiri Jumapili. Aliingia Ntobeye wakati wao wako bondeni, akakuta nyumba imefungwa. Akatazama huku na huku, na macho yakamwangukia mgomba wa mlangoni. Audax aliondoka pale akiwa mdogo kwenda shule ya bweni, na mila za kwao alizichukua nusunusu, kama watoto wa bweni wote. Alikumbuka kwamba anayehama huondoka na chipukizi la mlangoni. Alidhani amepata njia ya kumfurahisha mama yake: atakuta mgomba wake umeshapakiwa, atajua mwanawe hajasahau. Akavua shati, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akachimba. Kwa kuwa hakujua kuchagua, aling'oa machipukizi yote, na shina kubwa likayumba likaanguka. Ikabaki shimo mbele ya mlango.

Alichosahau ndicho ambacho kila mtu wa Ntobeye angemwambia. Mtoto wa kiume hang'oi mgomba wa mlangoni wa mama yake kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa siku moja tu, siku ambayo mama amelala ndani na hataamka tena. Hiyo ndiyo alama. Anayepita njiani akiona haulizi, maana mfiwa hasumbuliwi kwa maswali.

Aliyepita njiani ni Gaudence. Aliona mlango umefungwa, aliona shimo, aliona Audax kifua wazi, jasho linamtiririka, macho mekundu kwa vumbi. Hakuuliza. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akageuka alikotoka, na sauti yake ikavuka mteremko mzima.

Bibi na Irine walikisikia kilio wakiwa nusu ya njia, mizigo kichwani.

"Kuna msiba," Bibi alisema. "Ni upande wetu. Tuharakishe."

Watu walikuwa wanatoka kila uchochoro, wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume na majembe begani. Wote walitangulia mbele, hakuna aliyetazama nyuma. Bibi Kankindi alijitahidi kuwafuata huku anataja wagonjwa wote anaowajua, huyu ana kifua, yule alilazwa Nyamiaga, na kila walipokata kona Irine aliona wanazidi kuelekea kwao. 

Walipofika, ua ulikuwa umejaa. Gaudence alikuwa ameketi chini analia. Audax alisimama katikati, amezungukwa na watu wanaompa pole, na hakujua anapewa pole ya nini. Pancras, ambaye sasa ni mzee wa mvi, alikuwa anawaonyesha vijana mahali pa kuchimba, nyuma ya kaburi la babu.

"Nani amekufa?" Bibi Kankindi aliuliza kutoka nyuma.

Pancras aligeuka. Jembe lilimponyoka. Gaudence alikata kilio katikati, akabaki mdomo wazi. Mtu mmoja akaanza kucheka, kicheko cha woga, na akanyamazishwa.

Bibi aliteremsha mzigo wake wa maharage. Akautazama mgomba wake uliolala chini, akaliona shimo, akayaona machipukizi kwenye pikapu. Hakuhitaji kuelezwa. Akapiga hatua moja mbele, watu wakampisha.

"Audax," alisema. "Umenizika?"

"Mama, hapana. Nimekuja kukuchukua. Nilitaka uondoke na mgomba wako." Audax alimwonyesha Irine kwa kidole. "Irine alikuambia. Si mlishakubaliana?"

Ua mzima ukamgeukia Irine. Baba mdogo alimtazama kama mtu anayezama anavyotazama tawi. Angeweza kusema nilisahau. Angeweza kusema nilikuwa nangoja nafasi nzuri, na isingekuwa uongo mtupu.

"Sikumwambia," Irine alisema. "Nilikuja kumlainisha, nikashindwa. Na sasa sitamwambia tena. Baba mdogo, mimi nimesimama upande wa Bibi. Haendi mahali ambapo hajasema mwenyewe kwamba anakwenda."

"Kwa hiyo afe hapa peke yake?" Audax alipandisha sauti. "Wote mnanitazama kama mimi ndiye mbaya. Mlikuwa wapi masika? Alilala kwenye matope kutwa nzima. Kutwa nzima, na mimi niko dukani nauza misumari, nacheka na wateja, sijui kwamba mama yangu analowana. Mnajua kulala na kitu hicho kifuani?"

 Hata Irine aliona kwamba hasira ile haikuwa na ubaya ndani yake. Gaudence aliinamisha kichwa.

Bibi Kankindi alivuta kigoda chake, akaketi palepale kando ya shimo. 

"Nilianguka, kweli," alisema. "Na nitaanguka tena, miguu yangu naijua. Kule kwenye vigae vyako ndio nitateleza upesi zaidi. Nilihunga mara moja na sikuulizwa, maana nilikuwa mgongoni. Nikaimuka mara moja, na nilikubali mwenyewe. Safari yangu iliyobaki ni kutoka kwenye mlango huu kwenda pale kwa baba yako. Hiyo nitakwenda, na nyinyi mtanibeba. Ila si leo."

Kisha akamgeukia Pancras. "Na nyinyi mliokuja na majembe, mtafanyaje?"

Pancras alikuna kidevu. Lilikuwa swali gumu. Jembe lililotolewa nyumbani kwa ajili ya kaburi halirudishwi bila kugusa udongo, la sivyo litatafuta kazi kwenye nyumba nyingine. Vijana walianza kutazamana, kila mmoja anamfikiria bibi yake.

"Kwanza mtanirudishia mgomba wangu," Bibi alisema. "Mtachimba nyinyi, kama mlivyochimba siku ile. Halafu pale ubavuni mwa nyumba, mtachimba msingi wa chumba."

"Chumba cha nani?" Audax aliuliza.

"Chako. Anayeogopa kwamba nitaanguka si mimi, ni wewe. Basi wewe ndiye uje ulale karibu. Duka usifunge. Njoo ukimaliza biashara zako za wiki, ulale, uamke, uone kama bado napumua, urudi. Matofali unauza, sitakufundisha kujenga. Na siku ambazo haupo, Gaudence atapita asubuhi badala ya jioni."

"Nitapita asubuhi na jioni," Gaudence alisema, bado anafuta pua.

Irine alikwenda kwenye pikapu, akapanda, akaanza kuyateremsha machipukizi. Hakungoja aambiwe. Alijua sasa neno lake litachukua ukurasa, si mstari, na mhariri wa Mwanza akikataa atamfuata hukohuko Mwanza. Alimkabidhi Pancras chipukizi la kwanza kwa mikono miwili. Pancras alilipokea, akaligeuza kutazama mizizi, akasema litashika.

Majembe yakaanza kazi. Mtu akapaza wimbo, si ule wa msibani, na Pancras akaudakia vibaya. Audax alisimama anawatazama watu wanaochimba ardhi ya baba yake, akapiga moyo konde, akamwendea kijana aliyekuwa karibu na kunyoosha mkono aombe jembe.

"Hapana," Gaudence alimzuia kwa upole. "Tulitoka nyumbani kuja kwenye msiba wako. Mfiwa hachimbi. Kaa chini."

Audax akatazama huku na huku kutafuta atakayemtetea, asimwone. Akaketi kwenye vumbi, kando ya kigoda cha mama yake, mtu mzima na kifua wazi.  Ndipo akalia, kilio kile alichokuwa amekibana tangu masika, mabega yanaruka, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama yake alishika ncha ya kitenge chake akamfuta uso, kwanza jicho moja, kisha la pili, na kila alipomaliza machozi yakaja mengine, naye akaendelea kufuta.