Soli ya Mguu wa Kushoto

Jumapili ile, Januari ya mwaka 1994, Zebunissa alishuka basi la Don Mills bila mkongojo wake, na mwanawe Mansoor hakuona. Alikuwa ametangulia, kichwa chini, na katika mfuko wa ndani wa koti alibeba fomu ya binti yake ya kuombea chuo. Kesho asubuhi ilipaswa kutiwa posta. Chaguo la kwanza lilikuwa wazi bado, maana baba alitaka liandikwe lake na mtoto alitaka liandikwe lake, na siku nne nzima nyumba yao ya Flemingdon Park ilikuwa kimya kama ya wagomvi waliochoka.

Alisha, miaka kumi na minane, alitaka kusomea kutengeneza viatu vya watu wenye miguu mibovu.

"Mochi!" Mansoor alifoka siku ya kwanza. Ndivyo Wagujarati wanavyomwita fundi viatu wa kando ya barabara. "Tumetoka Tanga, tumevuka dunia, nasimama kiwandani kutwa, ili mwanangu awe mochi? Andika ufamasia!"

Zebunissa si mtu wa kukurupuka. Aliendelea kukunja sambusa zake, akibandika kila ncha kwa uji wa unga, akasubiri.

Leo jamatkhana, nyumba yao ya ibada, kulikuwa na mkutano wa vijana kuhusu kazi. Parveen, mama mwenye sauti ya kengele, alikuwa ametandika vitambaa vyeupe juu ya meza nne: ya daktari, ya mfamasia, ya mhasibu, ya mhandisi. "Chagueni wanangu, kila kitu kipo!" Kila kitu, meza nne. Vijana walipanga foleni kama wanaongoja chanjo.

Alisha hakuwa kwenye foleni. Bibi yake alijua alipo: chumba cha viatu, kwenye huduma yake ya kujitolea ya kila wiki. Alipokea viatu vya waumini, akavifuta theluji na chumvi, akavipanga rafuni, akampa kila mtu kibao chake cha namba. Ni huduma inayogombewa hiyo. Mansoor mwenyewe aliwahi kuiomba akapewa, na picha yake akiwa amekumbatia jozi mbili za viatu vya watu imetundikwa sebuleni, juu ya televisheni.

"Dadima, tazama," Alisha alimwambia bibi yake kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, ulimi tu ndio uliokataa. Akainua buti la mzee mmoja. "Kisigino kimelika upande mmoja. Goti linamuuma huyu." Akainua kiatu chekundu. "Na huyu amevaa kidogo kuliko mguu wake."

"Huyo Parveen. Tangu usichana haikubali namba ya mguu wake."

Wakacheka mpaka Alisha akashika rafu.

Mkutano ulipokwisha Mansoor akaja, uso umekunjamana. "Mfamasia amekungoja mpaka amefunga mkoba wake. Wewe uko huku!"

"Mansoor," Zebunissa alisema, akikaa kwenye benchi, "nivalishe viatu. Mgongo haukubali kuinama."

Mama hakataliwi. Akapiga magoti, akavalisha cha kulia, akachukua cha kushoto. Kilikuwa kizito. Akakigeuza. Chini ya soli palikuwa na tabaka za mpira wa ndara kuukuu, zimegandishwa moja juu ya moja, zikazungushiwa ngozi, na ukingo umesuguliwa hata kidole hakikuona pa kukwama.

"Nani kaifanya kazi hii?"

"Mochi."

Mansoor akainua macho kwa Alisha; kuchani mwake palikuwa na gundi iliyokauka.

"Miaka thelathini mguu huu ni mfupi kuliko mwenzake," mama yake alisema. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Daktari kanipa vidonge, mfamasia kanihesabia, Mungu awabariki. Mkongojo wangu uko wapi leo?"

Mansoor akatazama nyuma ya benchi. "Umeusahau kwenye basi?"

"Uko nyumbani, nyuma ya mlango. Tangu Jumanne. Sasa niambie, kwenye ile picha yako ya sebuleni umeshika nini?"

Mansoor akamvisha mama yake kile kiatu cha kushoto.

"Kuvishika bure ni thawabu, kuvishika kwa mshahara ni aibu?"

"Mama, watu watasema."

"Waseme. Halafu watakuja na miguu yao."

Parveen akatokea, kibao mkononi. "Jamani, nipeni vyangu, ingawa vidole bado vinawaka moto!" Zebunissa na mjukuu wake wakatazama sakafu, mabega yakicheza.

Alipokwisha kwenda, akichechemea, Mansoor alimfunga mama yake kamba za viatu taratibu, fundo mara mbili. Kisha akachukua mabuti yake mwenyewe ya kiwandani, akamnyooshea binti yake.

"Na haya yanasema nini?"

Alisha aliyageuzageuza kwa muda mrefu. "Unaegemea kulia, Papa," alisema, na safari hii kwa Kiswahili, akikwama hapa na pale. "Kiuno… kinauma. Hujasema."

Mansoor alibaki na soksi zake juu ya sakafu baridi. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa fomu, akaikunjua juu ya benchi kando ya mama yake, akatoa na kalamu.

"Andika mwenyewe," alisema. "Mwandiko wangu mbaya."