Kesi Isiyojibiwa Hapa

Mdogo wangu alikuwa na maneno mawili tu ya kusema mahakamani: si mimi. Kuyasema sasa, ikawa shughuli.

Aliingia kuamua ugomvi wa majirani wawili. Mmoja akaanguka, akafa. Mwenzake akatimua mbio. Jumba bovu likamwangukia aliyebaki.

Siku hakimu alipomsomea shtaka la mauaji, mdogo wangu akafungua mdomo. "Usijibu chochote," hakimu akamwambia, tena kwa upole. "Mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza mauaji. Hayo ni ya Mahakama Kuu. Hapa tunasubiri upelelezi ukamilike."

Basi tukasubiri. Kila wiki mbili nafunga kibanda changu cha kushona, namshika Mama mkono, tunapanda ngazi, kesi inapigwa kalenda, tunashuka. Kuna mwizi wa kuku tulimkuta pale: akajibu shtaka lake, akafungwa, akamaliza, akaiba tena, akarudi kutusalimia. Wetu bado anaambiwa asijibu. Yule hakimu nilimchukia. Baadaye nikamwona anafuta miwani bila kutazama kizimbani, nikajua naye kachoka. Sikumhurumia, nisiwe mwongo.

Mwaka wa nne faili likapanda Mahakama Kuu. Kabla jaji hajaingia, wakili wetu akatuvuta pembeni. Upande wa mashtaka umekubali kushusha shtaka, liwe kuua bila kukusudia. Akikiri, miaka aliyokaa mahabusu itahesabiwa, huenda akatoka leo. Akikana, anabaki na mauaji, anarudi ndani kusubiri kikao kingine, na vikao havina tarehe.

"Lakini si mimi," mdogo wangu akasema.

"Najua," wakili akasema.

Mama alikuwa ameketi sakafuni kwenye korido, miguu imemvimba. Mdogo wangu akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Twende nyumbani, mdogo wangu," nikamwambia. "Tumechoka."

Jaji alimsomea shtaka taratibu, akamuuliza ni kweli au si kweli. Akaweka kalamu chini, akampa nafasi yote ya kusema.

"Ni kweli."

Jioni ile alikula nyumbani. Majirani walikuja kutoa pole, lakini wakawaacha watoto wao nje. Walipoondoka, Mama akamshika bega. "Mwanangu, sisi tunajua hukumuua yule mtu."

"Acha, Mama," akasema. "Nimeshajibu."