Punje ya Saba

Vifaa vya kazi ya Wilkister vilienea katika kikapu kimoja. Alikuwa na kadi mbili ngumu, fomu, penseli, punje kumi za mahindi meupe ndani ya mfuko wa kitambaa, na sabuni moja ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuoga nayo.

Sabuni hiyo iliitwa Mirabela. Ilikaa ndani ya kisanduku cha karatasi ya dhahabu, ikanukia maua ambayo hayakuota Thika wala Ruiru. Bei yake ilimtosha mchuma kahawa kununua unga wa juma zima. Wenye kuitengeneza walitaka kujua mambo mawili kabla ya kuipeleka madukani: wanawake waliitamani kiasi gani, na waliiona iko mbali nao kiasi gani. Walishuku kwamba kitu kikionekana cha wachache, wengi hukitamani zaidi. Walitaka kuhakikisha kwa tarakimu. Basi wakaiajiri kampuni moja ya utafiti ya Nairobi, na kampuni ikamwajiri Wilkister kwa majaribio ya miezi mitatu, kwa kuwa alikuwa amehitimu chuo cha ualimu na mwandiko wake ulisomeka.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Mwanamke aliinusa sabuni, akaishika, akatajiwa bei. Kisha aliweka punje juu ya kadi nyekundu kuonyesha anavyoitamani: moja ikiwa haitamani, kumi ikiwa roho inamtoka. Baadaye aliweka punje juu ya kadi ya buluu kuonyesha isivyo ya watu kama yeye. Wilkister aliandika tarakimu mbili, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Aliifanya kazi hiyo vizuri, wala hakuhisi chochote. Mume wake, Dalmas Ajwang, aliugua homa ya mapafu mwezi wa Februari mwaka ule wa 1956, akafa siku ya tano, akazikwa kwao Alego. Tangu hapo Wilkister alikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Mwenye mguu anauona ni wake, anaweza hata kuukanyagia, lakini ukichomwa mwiba hana habari.

Jambo moja tu alilijua kwa hakika. Chumba alichokaa kilikuwa cha kiwanda alichofanyia kazi Dalmas, na mwisho wa Agosti alitakiwa kukihama. Chumba kingine mjini kisingepatikana bila barua ya mwajiri kueleza kwamba ana kazi ya kudumu. Asipoipata barua, angerudi Alego, ambako wazee walikwisha kukubaliana kwamba Dismas, mdogo wa marehemu, amrithi. Dismas mwenyewe alikuwa amefika Thika Alhamisi kumchukua. Hakuwa mtu mbaya. Alikata kuni, alichota maji, alizungumza kwa sauti ya chini. Wema wake ndio ulioifanya kazi ya kumkataa iwe nzito.

Jumamosi saa nne, Wilkister alipeleka fomu zake kwa msimamizi. Bwana Tilley alikodi chumba kimoja nyuma ya posta ya Thika, akaweka meza, kiti, na mashine ya kujumlisha ambayo alipenda kuipapasa kama paka. Alizipekua fomu kwa muda mrefu.

"Wilkister," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "hapa Thika umehoji wanawake arubaini. Majibu themanini. Saba imetokea mara kumi na moja. Vizuri. Ruiru umehoji wengine arubaini. Majibu themanini. Saba ziko ngapi?"

"Sikuzihesabu, Bwana."

"Mimi nimehesabu. Hakuna. Sita ziko tele. Nane ziko tele. Saba, hata moja." Akaiweka kalamu chini. "Mtu akikaa kivulini akatunga majibu, kuna namba huisahau. Mimi ni mzee katika kazi hii."

"Niliwahoji wote. Labda wao wana sababu yao."

"Hakuna mtu mwenye sababu ya kuiogopa namba." Akampa fomu ishirini tupu. "Rudi Ruiru, rudia nusu. Jumamosi ijayo niletee majibu ya watu wa kweli. Yakiniridhisha, nina barua yako tayari. Yasiponiridhisha, tuagane vizuri."

Wilkister aliitikia kwa kichwa. Alijua kwamba amesingiziwa, kama vile mtu ajuavyo kwamba mvua inanyesha kijiji cha pili.

Jumatatu alipanda treni ya asubuhi hadi Ruiru, akatembea kwa miguu hadi Gitothua. Manyunyu ya Agosti yalikuwa yakimwagika bila haraka. Kijiji kilizungushiwa handaki na uzio wa miiba kama vijiji vyote vya upande ule wakati huo wa hali ya hatari, na askari wa lango aliisoma barua ya kampuni juu chini, kisha akaomba kuinusa sabuni.

"Nilinusa wiki ya juzi," akasema, "lakini nimesahau."

Mwenyeji wake alikuwa Magdalene Wangeci, mchuma kahawa mwenye umri wa miaka arubaini hivi. Yeye ndiye aliyemtembeza nyumba kwa nyumba mara ya kwanza na kumtafsiria kwa wasiojua Kiswahili. Alikuwa akimenya viazi mlangoni.

"Mwalimu wa sabuni!" akaita. "Umeleta ya kuoga leo, ama bado ni ya kunusa?"

"Bado ni ya kunusa."

"Ngai! Huyo Mzungu ni mchoyo. Kaa hapa kwa kigoda, umelowa."

Wilkister alikaa, akaeleza kwa mpangilio, kama anayesomea darasa: fomu arubaini, majibu themanini, saba hakuna, Jumamosi, barua, chumba, Dismas. Hakuongeza wala hakupunguza. Kisu cha Magdalene kilisimama katikati ya kiazi.

"Wewe kwenu hiyo namba mnaitaja tu hivi hivi?"

"Tunaitaja. Ni namba."

"Sisi hatutaji. Mtoto akihesabu mbuzi, akifika hapo, anaruka. Hiyo ni namba ya laana, mwalimu. Mtu akitaka kumharibia mwenzake, hufanya jambo lake mara hizo." Akashusha sauti. "Na siku hizi ndiyo mbaya zaidi. Mwaka juzi, hapo langoni, watu waliulizwa: kwa kile kiapo cha watu wa msituni ulirudia maneno mara ngapi? Jibu lilikuwa namba hiyo hiyo, na aliyelitoa alipandishwa lori. Mzee wangu mpaka leo hajarudi. Halafu wewe unakuja na karatasi ya serikali—"

"Si ya serikali. Ni ya sabuni."

"Karatasi ni karatasi. Unataka niweke punje hizo mbele yako uandike na jina langu kando?"

Wilkister alitazama fomu zilizokuwa mapajani mwake. Kweli, juu ya kila moja palikuwa na mstari wa jina na mstari wa namba ya nyumba. "Nikimweleza Bwana Tilley hivyo, atanielewa," akasema.

"Atakuelewa! Ataandika. Halafu ataandika kwa nani? Usimweleze, tafadhali. Mwambie sisi ni wajinga, hatujui kuhesabu. Hiyo ataamini haraka."

"Basi niandike saba za uongo?"

"Andika. Nani atakuja kuhesabu roho zetu?"

Wilkister alifikiri. Ingekuwa rahisi. Angekaa stesheni, akazijaza fomu ishirini kabla treni haijaja, naye Bwana Tilley angefurahi. Lakini hapo ndipo lile jambo alilosingiziwa lingekuwa kweli. Hakuona uchungu wala hasira. Aliona tu kwamba asingeweza, kama mkono usivyoweza kukunjika kinyume.

"Hapana," akasema.

Magdalene alimtazama mjane mwenzake, kama alivyojihesabu kwa kuwa mume aliye kizuizini mwaka wa pili si mume wala si marehemu. Akayatupa maganda. "Ngoja niwaite."

Walikuja wanawake kumi na tisa, wakajaa ukumbini kwa Magdalene na kufurika hadi chini ya mchirizi wa paa. Mbele alikaa bibi mkongwe aliyeitwa Mumbi, ambaye hakuna aliyeanza jambo kabla hajakohoa. Magdalene aliwaeleza kwa Kikuyu. Minong'ono ikapanda ikashuka. Mmoja akasema kwa Kiswahili, ili mgeni asikie:

"Mimi siku ile nilitaka ile namba hasa. Niliweka nane kwa adabu tu."

"Mimi niliweka sita," akasema mwingine, "na sabuni yenyewe nimeiota usiku."

"Wewe unaota sabuni kwa sababu huoni maji!"

Wakacheka. Wilkister alifungua mfuko, akazimwaga punje juu ya kadi nyekundu. Kuku wa Magdalene, aliyekuwa akiusubiri mfuko huo tangu siku ya kwanza, alichomoka chini ya benchi akadonoa moja na kukimbia.

"Amekula jibu langu!" akapiga kelele yule aliyeota sabuni. Magdalene alileta punje nyingine kutoka jikoni, ya manjano, na vicheko vikatulia polepole.

Mumbi akakohoa. Alizungumza na Magdalene kwa utulivu, naye akatafsiri.

"Anasema kuna njia. Kitu ambacho mwenye nyumba hawezi kukigusa, mgeni anaweza. Sisi tutaweka sita. Anayetaka moja zaidi, atakunja mkono na kukutazama. Hiyo ya mwisho utaiweka wewe, kwa mkono wako. Hapo si sisi tumefika huko. Ni wewe."

"Sawa."

"Ngoja. Anasema anayeiweka ndiye anayechukua kilichomo."

"Sawa."

Mumbi alimwangalia usoni, kisha akauliza swali, na safari hii Magdalene alisita kabla ya kulitafsiri.

"Anauliza una mtoto."

"Sina."

"Una mume?"

"Alizikwa Februari."

Magdalene alimrudishia bibi majibu. Bibi akasema maneno machache tu.

"Anasema basi laana itakuta nyumba tupu. Endelea."

Ndivyo walivyofanya. Kila mmoja aliinusa Mirabela upya, ingawa hapakuwa na haja. Aliyetaka tano aliweka tano, aliyetaka tisa aliweka tisa. Mwanamke wa nne aliweka sita, akakunja mikono, akainua macho. Wilkister aliichukua punje iliyofuata, nayo ilikuwa ile ya manjano, akaiweka kando ya zile sita. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Hakuna kilichotokea. Akaandika 7 kwa mwandiko wake wa ualimu, wenye kimstari katikati.

Zamu ya Magdalene ilikuwa ya ishirini. Kwenye kadi ya kutamani aliweka mbili.

"Siku ile uliweka tisa," Wilkister akamkumbusha.

"Siku ile nilidhani wataniachia." Akaigeukia kadi ya buluu, ya umbali, akaweka sita, akakunja mikono. Wilkister akaiongeza ya saba. Magdalene aliendelea kumtazama. "Si mbali sana, mwalimu. Nairobi ni karibu, duka ni karibu. Mlango wa kioo, basi. Mbali ni Manda, kisiwani huko, alikofungwa mzee wangu. Lakini hamna kadi ya hiyo."

"Hakuna," Wilkister alikubali, akaandika.

Kwa jumla mkono wake uliiweka punje ya saba mara tisa. Katika treni ya kurudi aliutazama. Ulikuwa mkono tu, wenye vumbi la unga wa mahindi.

Jumamosi Bwana Tilley aliziingiza tarakimu katika mashine, akavuta mpini, akavuta tena. Alianza kutabasamu kabla ya kumaliza.

"Tisa! Unaona? Sasa hawa ni watu." Akazigonga fomu mezani zikalingana kingo. "Ulifanya nini tofauti?"

"Niliwauliza tena, Bwana."

"Wakati mwingine uliza vizuri mara ya kwanza." Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua iliyokwisha kupigwa chapa, akatia sahihi. Juu yake akaweka kisanduku cha dhahabu. "Na hii chukua. Imechakaa kwa kunuswa."

Alipofika chumbani, Dismas alikuwa amelifunga sanduku la Dalmas kwa kamba na kuliweka mlangoni. Alisimama kwa heshima.

"Shemeji, treni ni saa kumi."

"Dismas, siendi." Akamnyoshea barua. "Nimepata kazi ya kudumu. Jumatatu nitatafuta chumba mtaa wa Majengo."

Dismas aliisoma taratibu, midomo ikichezacheza. "Wazee watasema umewatukana."

"Watasema."

"Na mimi niwaambie nini?"

"Waambie hukunikosea lolote. Chukua sanduku, chukua na koti lake, wewe litakutosha. Na hii mpelekee mama." Akampa Mirabela.

Dismas aliinusa, akashtuka, akaiweka kifuani ndani ya shati. "Ni ya kula?"

"Ya kuoga."

"Mama ataificha," akasema Dismas. "Hataoga nayo." Alilibeba sanduku begani, akaaga kwa kuinama, akaondoka bila kugeuka.

Wilkister alifunga mlango. Nje, filimbi ya kiwanda ilipiga saa tisa. Akaisoma barua mara ya pili, akaitafutia mahali penye usalama: chini ya godoro, hapana, ndani ya Biblia, hapana, panya, mwishowe akaikunja ndani ya kopo la majani ya chai na kufunga kifuniko kwa nguvu. Kisha akatoa vitu vya kikapuni ili avipange kwa ajili ya Jumatatu. Kadi nyekundu ilikaa juu ya meza, tupu.

Hakujua ni kwa nini aliketi. Alijiuliza swali kama alivyolisoma mara mia, neno kwa neno, akabadilisha kitu kimoja tu: chumba chako mwenyewe huko Majengo, unakitamani kiasi gani?

Akaweka moja, mbili, tatu. Aliziweka kwa nafasi sawa. Nne, tano, sita. Akaichukua ile ya manjano, akaipeleka juu ya kadi.

Mkono ukasimama.

Aliungoja ushuke, lakini haukushuka; maneno ya Mumbi, nyumba tupu, yalimrudia. Alikaa hivyo, macho kwenye kopo la majani ya chai lenye barua yake, punje ikipata joto kati ya vidole.