Tui Si la Nazi

"Nani kaligusa neno langu?"

Sukriti Maiti hakubisha hodi. Aliingia ofisini kwa mhariri na kurasa za prufu, zile za kusahihishwa kabla ya chapa, mkononi, sari imelowa mvua ya Kolkata hadi magotini, na sauti yake ikaushinda mtambo wa chapa uliokuwa ukinguruma chumba cha pili. Jioni hiyo riwaya yake ingechapwa katika toleo la jarida la sikukuu ya Durga, mungu wa kike, lile ambalo hata wasiosoma hulinunua.

"Kaa, Didi, dada yangu. Unywe chai kwanza," alisema mhariri, Pranabesh Babu, yaani Bwana Pranabesh.

"Chai kanywe na mkweo! Ukurasa wa mwisho, yule kibarua wangu Sombari anamwita mwenye tanuri la matofali apni. Mimi niliandika tui."

Msidhani ni tui la nazi. Kwa Kibangla, tui ni "wewe" anayoitwa mtoto, mbwa na mtumishi. Bwana mkubwa huitwa apni, na ole wake mtumishi atakayekosea. Waungwana waliificha fimbo ndani ya "wewe", ili maskini asifungue mdomo bila kuinama. Halafu wakaiita adabu.

"Nimekusahihishia tu," alisema Pranabesh Babu. "Wale Wasantali, watu wa kabila la Sombari, Kibangla kinawapiga chenga. Watu watacheka. Na wenye matanuri nao ni wasomaji wetu, Didi."

"Kinawapiga chenga! Kwa lugha yao kila mtu ni wewe tu, sawa. Lakini huyu alichapwa tangu utotoni mpaka apni ikamkaa. Sombari kamwita yule bwana apni maisha yake yote. Siku matofali yalipomfukia bintiye, bwana akaja na gunia la mchele, eti pole. Ndipo Sombari akaumwaga miguuni pake, akamwambia, 'Tui, kula!' Hakukosea, Babu. Alikusudia."

Sombari hakuwa wa kubuni: Sukriti alikuwa amekaa kwake msimu mzima, wakila pamoja wali wa jana uliolowekwa maji. Mama yule hakumwomba kitu ila kimoja: neno lile liandikwe lilivyo. Sukriti akamwapia. Na sasa bwana mmoja mwenye kalamu nyekundu alikuwa amempigisha Sombari magoti tena, safari hii mbele ya nchi nzima.

"Ni neno moja tu," mhariri alibembeleza, akitabasamu. "Msomaji hata hatalisikia."

"Hatalisikia?"

Miaka nenda miaka rudi wawili hawa walikuwa wakiitana apni kwa heshima, hata walipogombana. Sukriti aliweka prufu mezani, akamwinamia.

"Tui, Pranabesh. Rudisha neno langu."

Tabasamu lilikatika. Mhariri aliinuka kitini, uso umemwiva.

"Umeniitaje?"

"Ulivyosikia."

"Mimi? Mbele ya watu?"

Watu wenyewe walikuwa wamejaa mlangoni: wachapaji, wino hadi viwikoni, waliousimamisha mtambo ili waje kuona kuna nini. Hao mhariri huwaita tui toka asubuhi mpaka jioni. Walitazama chini, kama inavyotakiwa. Kisha mmoja wao akacheka, na mkono ukachelewa kuziba mdomo.